Mguu Chini ya Kitenge

Hewa Bora, Lubumbashi
13 Oktoba 2024

Kwako Séphora, binti wa kaka yangu,

Shangazi yako yu hai, anakula, analala, na anagombana na watu wa ushuru kama kawaida yake, kwa hiyo pokea salamu zake bila wasiwasi. Baba yako Anselme hajambo? Mwambie yule mbuzi aliyeniahidi, mpaka leo sijaona hata mkia wake. Na mchumba wako Ruben umsalimie, ila usimsalimie sana, wachumba wakisalimiwa sana wanavimba kichwa.

Huku tuko. Maharagwe yamepanda bei. Mvua ya kwanza ilinyesha juzi, na njia ya mbele ya depo, ghala letu la chakula, imekuwa matope mekundu, wachukuzi wanateleza na magunia mgongoni huku wakinitukana mimi kana kwamba mvua ni yangu. Jérémie mwanangu anafanya kazi vizuri, ameanza kuagiza unga mwenyewe kutoka Zambia. Mke wake Abigaël yuko kimya. Tangu walipompoteza mtoto, siku ileile aliyozaliwa, nyumba haijarudi kuwa nyumba. Ananipikia, ananisalimu, anaondoka. Msiba wa mtoto ni mzito, nami namwacha apumue.

Sasa lililonikalisha niandike. Mwezi uliopita nilirudi kutoka depo nikiwa natetemeka kwa baridi, meno yanagongana, na nje jua linawaka. Nikasema ni malaria, nikanunua dawa ya malaria, nikalala. Nilipofunua kitenge nikaona ule mguu wa kushoto, wewe unaujua, umekuwa mwekundu toka kifundo mpaka karibu na goti. Ukiugusa unaunguza mkono. Nilikaa kitandani karibu wiki nzima, nikawaambia watoto ni malaria kali. Nilikuwa na vidonge vya antibiotiki vilivyobaki zamani, nikavimeza vile vilivyokuwepo, ikapungua yenyewe. Nakuuliza wewe uliyesomea uuguzi: ni malaria gani hiyo inayokuja na mguu mwekundu?

Usinijibu kwa simu. Simu yangu inashinda depo mikononi mwa karani, na nyumbani ukuta kati ya chumba changu na chumba cha Jérémie ni mbao tupu. Mpe barua Fils, dereva wa lori la baba yako. Hata akizunguka Uganda, Tanzania na Zambia, atafika.

Na usisahau: kule Zambia, waliponipasua na kunichoma mionzi, ulikuwa wewe peke yako pembeni ya kitanda. Uliniapia, mkono wako juu ya Biblia ya hospitali, kwamba neno kansa halitatoka kinywani mwako. Kiapo hicho bado kinasimama.

Shangazi yako,
Katungu


Butembo
10 Novemba 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Fils amefika jana na barua yako, bahasha imejaa vumbi la nchi tatu. Nilipouona mwandiko wako nilicheka peke yangu. Kisha nikasoma, kicheko kikaisha. Baba hajambo, anasema mbuzi yupo lakini amezaa, na yeye hawezi kutenganisha mama na watoto. Mimi wamenihamishia wodi ya upasuaji. Harusi tumeisogeza mbele kidogo, hayo tutaongea siku nyingine.

Shangazi, ile haikuwa malaria. Ulikaa karibu wiki nzima na kitu ambacho kingeweza kukuua kwa siku tatu.

Unakumbuka daktari wa Zambia alivyotuchorea? Walipoondoa tezi za kinena, waliondoa pia njia ya yale maji ya mwili yanayopanda kutoka mguuni. Yamekosa njia, yanakaa. Ndiyo maana mguu unavimba, wanauita limfedema. Ngozi ikishajaa maji hivyo, kinga yake inakuwa ndogo. Inatosha ufa kati ya vidole viwili, au mbu akuume nawe ujikune, au ukate ukucha vibaya, wadudu wanaingia na kusambaa ndani ya ngozi kwa saa chache tu. Na kila ikija, inaharibu njia zilizobaki, mguu unazidi kuvimba, na ukizidi kuvimba inarudi kwa urahisi zaidi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kwa hiyo nisikilize, hata kama mimi ni mtoto uliyembeba mgongoni. Osha huo mguu kila siku, maji ya vuguvugu, yasiwe moto, na sabuni isiyo kali. Ile ya kufulia iache kwenye nguo. Kisha ukaushe. Najua unasema kila mtu anajikausha, lakini namaanisha kati ya vidole, kimoja kimoja, na kitambaa laini, bila kusugua. Kukiwa na weupe na kuwasha hapo katikati, ni kuvu, inataka dawa yake ya kupaka, nimekufungia tyubu mbili. Ngozi kavu uipake mafuta ili isipasuke. Usitembee peku hata ukienda chooni. Vaa viatu vilivyo wazi kidogo, visivyobana. Ukikaa, uweke mguu juu.

Na siku ukisikia tena baridi ile, na mguu ukawaka, chukua kalamu ya Biki uchore mstari pembeni ya wekundu. Wekundu ukivuka mstari, au homa ikikushika, usingoje kesho, nenda hospitali, useme una limfedema, wakupe antibiotiki ya kutosha siku zote wanazosema. Usimeze masalio ya kabatini. Siku hizo usiukande wala kuufunga bendeji.

Nimekutumia pia kioo kidogo chenye mpini, uweze kuona unyayo. Lakini shangazi, nakujua ulivyo mnene siku hizi na mguu usiokunjika. Nani anakutazama kati ya vidole? Nani anakukausha? Mwambie Jérémie. Tafadhali. Hata usimwambie yote.

Wako,
Séphora


Hewa Bora
8 Desemba 2024

Binti yangu Séphora,

Nimepokea barua, tyubu, na kioo. Kioo kizuri. Nimekitumia kuangalia meno.

Nakutania. Nimejaribu. Nimefunga mlango, nimekaa juu ya kitanda na kioo mkono mmoja na taa mkono wa pili, nikaona unyayo wangu kwa mara ya kwanza tangu Zambia, nami sikuufurahia. Kati ya vidole vya mwisho sifiki. Mkono unakomea kwenye kifundo, tumbo linakataa. Naumwagia maji, natumaini yatafika. Mengine ni kati ya mguu na Mungu.

Unaniambia viatu vya wazi. Utaniona siku hiyo? Mimi navaa buti za mpira, toka nyumbani hadi nyumbani, na kitenge kirefu mpaka chini. Mvua inanisaidia, mtu akiniuliza namwonyesha matope. Ndani kunaloa jasho, najua, usinihubirie.

Nitakueleza sababu, ili usinirudie tena. Hapa mitaa yetu ya Kampemba mfanyabiashara akivimba mguu, watu wana hesabu zao. Mwaka ule niliofungua depo la pili ndio mwaka mguu ulipoanza kuonekana. Basi nilikuwa nyuma ya magunia, nikawasikia wanawake wawili wa nyanya, hawakujua niko pale. Mmoja anasema: «Ule mama wa Kivu, muguu yake njo banki. Ikivimba, depo inaongezeka.» Mwingine anajibu: «Na ile banki haikulaka mihogo, inakulaka bantu.» Yaani mguu wangu ni uchawi wa kutajirika, unakula watu. Wakacheka. Mimi niliwaachia wacheke, jioni nikamuuzia mmoja wao maharagwe kwa bei ileile ya siku zote.

Utasema, si uwaambie ni kansa, yaishe? Kansa ya kizazi, kwa mjane? Ungesikia hesabu watakazofanya hapo. Tena kansa ni jina wakishakupa wanaanza kukuzika. Wateja wa mkopo wanaacha kulipa, wanangoja matanga. Jérémie angeuza depo anipeleke India. Acha wao waseme banki. Banki angalau inaheshimiwa.

Abigaël amezidi kuwa mbali. Sahani yangu anaiweka mezani, yake anakwenda kuila jikoni. Nikimuuliza kama amekosewa anasema yote ni sawa, «Hapana mama, iko bien.» Jumapili iliyopita nilimwomba anivalishe buti, akamwita Jérémie. Sijui nimemfanyia nini.

Sitaki turudie habari za mguu. Niandikie habari za harusi, ambayo unaizungukia kama paka na maziwa ya moto. Heri ya Noeli kwenu wote.

Shangazi Katungu


Hewa Bora
12 Januari 2025

Séphora mwanangu,

Mwaka mpya umetukuta wazima. Barua ni fupi, Fils anapakia na amewasha injini.

Najua nilisema tusirudie habari hizi. Mguu umekuwa mzito. Noeli homa ilirudi, siku mbili tu, si kama ile ya kwanza. Umeshuka lakini haukushuka wote, ngozi imekuwa ngumu pale juu ya kifundo. Sijafika hospitali. Depo lilikuwa limejaa wateja wa sikukuu.

Usiwe na wasiwasi, nimepata njia. Jirani yetu Mama Nkandu anajua kulumika. Amewatibu watu wengi hapa, migongo, mabega, hata polisi wanakuja kwake. Anachanja kidogo na wembe mpya, anaweka pembe, anavuta, ile damu mbaya na yale maji yanatoka. Nimeona mwanamke aliyetoka kwake anatembea kama msichana. Nimefikiri: kama shida ni maji yaliyokosa njia, basi tuyafungulie njia. Si ndivyo ulivyoniandikia mwenyewe?

Sasa hivi yuko matanga Kasenga. Amesema atakuja kwangu Jumamosi ya kwanza ya Februari, asubuhi, watoto wakiwa wametoka. Niombee.

Katungu


Butembo
2 Februari 2025

Shangazi,

Sijui barua hii itakukuta katika hali gani. Samahani sitaanza na habari za nyumbani.

Fils amefika Ijumaa jioni. Lori lilikwama mpakani Kasindi siku nyingi. Nilifungua barua yako nikiwa bado na nguo za kazi, nikasoma «Jumamosi ya kwanza ya Februari», nikaangalia kalenda ya ukutani, na Jumamosi hiyo ilikuwa kesho yake.

Nilikuandikia habari za sabuni na taulo na ukucha. Pembe sikuzitaja. Haikunijia kabisa. Ningekaa kidogo nikafikiri, ningekumbuka, hata hapa kwetu wapo wanaovuta kwa pembe. Maji hayo hayatoki kwa kuchanjwa, shangazi, yanajaa tena, na kila chanjo ni mlango mwingine kwenye ngozi ambayo haiwezi kujifunga. Hata sindano hatuchomi kwenye mguu wa namna hiyo, hata moja.

Nilipiga simu yako usiku ule na asubuhi. Imezimwa. Nikapiga namba ya depo, karani akasema, «Mama hajafika, leo anapumzika.» Ndipo nikapiga kwa Jérémie.

Nilimwambia yanayotosha.

Tangu hapo hajapokea. Nimepiga jana mchana, nimepiga leo baada ya ibada. Nakuomba, nakupigia magoti, kama pembe ziligusa mguu wako, usingoje homa. Nenda. Na kama Jérémie alifika kwa wakati, nikasirikie tu, nitavumilia.

Séphora


Butembo
9 Machi 2025

Shangazi yangu,

Fils amerudi mikono mitupu. Anasema alifika depo, akamkuta Jérémie, akaulizia barua, akaambiwa hakuna. Nilipompata Jérémie kwenye simu alinijibu maneno mawili: «Mama iko. Alikataza nisikuambie mingi.» Nikamuuliza iko wapi, nyumbani au hospitali? Akakata.

Basi naendelea kukuandikia, nitajisalimu mwenyewe. Sisi hatujambo. Baba anakohoa lakini anatembea. Mbuzi wa ahadi ameliwa na wageni, hilo aliniomba nikufiche, nalo nimelivunja pia.

Barua iliyopita niliandika kwamba nilimwambia Jérémie yanayotosha. Nilikuwa naogopa kuyaandika. Nilimwambia hivi: «Mama yako alikuwa na kansa ya kizazi. Walimpasua Zambia. Mguu wake umevimba kwa sababu ya upasuaji na mionzi, na leo hii anakwenda kuchanjwa. Kimbia.» Nilivunja kiapo nilichoapa juu ya Biblia, mchana kweupe, kwa sauti kubwa, wodi nzima ikisikia. Ningeweza kumwambia asimamishe pembe bila kutaja kansa. Lakini nilimjua Jérémie, angeniuliza kwa nini, angebishana, na dakika zingepita.

Sikuombi msamaha kwa sababu sijui kama ninajuta. Ninachotaka kujua ni kama uko hai, na kama uko hai, ni kwa mguu gani. Niandikie hata matusi.

Séphora


Hewa Bora
20 Aprili 2025, Pasaka

Séphora,

Niko hai. Miguu ni miwili, ileile. Salamu zimeishia hapo, kwa sababu bado nimekasirika.

Baba yako mwambie nimesikia habari za mbuzi.

Siku ile Mama Nkandu alifika mapema. Alikuwa amenichanja upande wa nje wa shavu la mguu, na pembe mbili zilikuwa zimeshika. Damu ilikuwa chache, maji ndiyo yalikuwa mengi, yanachuruzika yenyewe mpaka mkekani, na mimi nilikuwa nafurahi, nasema ona, yanatoka! Mara Jérémie akasukuma mlango, simu mkononi, hana pumzi. Alikuja mbio toka sokoni, gari aliliacha kwenye foleni.

«Mama Nkandu, toa ile! Toa sasa!»

Kisha akanigeukia. Sijawahi kumwona na uso ule, hata siku ya kumzika baba yake.

«Mama, ulikuwaka na kansa?»

Mama Nkandu alitoa pembe zake taratibu, akafuta, akanifunika na kitambaa safi. Akaniambia, «Kama unanambiaka mbele, mi singegusa hata kidogo.» Hakuchukua hata faranga. Simlaumu, nilimwambia nimejikwaa.

Niliapa hospitali siendi, si mgonjwa, nilikuwa nataka kwanza kukupigia simu nikutukane. Kesho yake mchana baridi ikanishika. Mguu ulikuwa unawaka, nikaomba Biki. Nilikuwa nasema na Jérémie, lakini aliyeileta ni Abigaël. Akapiga magoti, akachora mstari kuzunguka wekundu wote. Jua halijashuka, wekundu ulikuwa umeuvuka mstari vidole viwili. Hawakuniuliza tena, walinibeba kama gunia.

Sikumbuki siku za kwanza. Dripu, antibiotiki, mguu umeinuliwa juu ya mito. Ngozi ilijaa malengelenge, ikabanduka. Daktari alikuja mara nyingi kuangalia kama mguu utaokoka. Alimwambia Jérémie, mimi nimefumba macho wakidhani nimelala, kwamba wadudu walikuwa wameshaingia kwenye damu, na kwamba tungekaa nyumbani mpaka asubuhi angekuwa anaongea naye habari nyingine. Huo ndio ukweli, nakuandikia kwa sababu unastahili kuujua, sio kwa sababu nimekusamehe.

Nilikukasirikia kwanza kwa kiapo. Nilisema, mtoto huyu amenivua nguo mbele ya mwanangu. Nikawakataza wasikupe habari. Kisha likaja lingine, na hilo ndilo lililonifanya ninyamaze muda wote huu. Sikuweza kuliandika.

Siku moja pale hospitali Jérémie alikuwa ananilisha uji. Akasimamisha kijiko. Akasema, «Mama, mi niliaminiaka.» Nikamuuliza aliamini nini. Akaanza kulia, mwanaume na ndevu zake, uji unamwagika kwenye shuka. Abigaël alikuwa dirishani, ametupa mgongo. Yeye ndiye aliyesema.

«Tulijuaka kama muguu yako njo ilikula mutoto wetu.»

Séphora, wewe ni muuguzi, umeona mengi. Mimi sikuwahi kusikia sentensi kama hiyo. Wale wanawake wa nyanya niliowaachia wacheke, maneno yao yalikuwa yamefika nyumbani kwangu kabla yangu. Depo la pili lilifunguliwa, mguu ukavimba, mtoto akafa. Kwao hesabu ilikuwa imekamilika. Mimi nilikuwa nakaa mezani nao, nabariki chakula, nasema tuombee Abigaël apate mwingine, na wao wananitazama kama mtu aliyekula mtoto wao na sasa anamnyemelea wa pili. Ndiyo maana alikula jikoni. Ndiyo maana hakugusa buti zangu. Na bado alinipikia kila siku! Mtu anamwogopa mchawi na anamkaangia samaki. Sijui nimlilie au nimpigie makofi.

Nilitaka kuwafukuza wote wawili. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Lakini nikafikiri, walikuwa waamini nini? Niliwaachia mguu bila maelezo, wakatafuta maelezo mahali yanapopatikana. Nimelia kwa ajili ya yule mtoto upya, kama bibi yake. Mara ya kwanza sikumlilia vizuri, nilikuwa nashughulika kuficha mguu.

Sasa niko nyumbani. Buti nimempa mlinzi wa depo. Navaa sandali pana alizonishonea fundi, na nikiwa depo nakaa na mguu juu ya kiti, mbele kabisa, bendeji inaonekana. Waliosema banki wanapita wanaangalia. Wanaouliza nawaambia. Wawili wa mkopo wameacha kulipa kama nilivyotabiri, nitawafuata kwao na mguu huuhuu.

Usifikiri imekwisha. Daktari amesema inaweza kurudi wakati wowote, na nimepewa dawa ya kumeza kila siku kuizuia, kwa miezi mingi. Naogopa. Nikiamka, kabla ya kusali, naugusa kwanza, nasikiliza kama una moto. Wiki mbili zilizopita Abigaël aliona ufa mdogo kati ya vidole vya mwisho, pale nisipofika. Mimi sikuwa nasikia chochote. Alinipaka ile dawa yako, akaangalia asubuhi na jioni, ukaziba. Nimekaa nikifikiri ni nyufa ngapi kama huo zilipita nikiwa na kioo changu na mlango umefungwa.

Baba yako amenipigia. Amesema harusi mliisogeza kwa sababu ulikataa kuingia ndani kufundwa bila mimi shangazi yako wa kukaa nawe, na ulimkataza asiniambie. Unaona, nawe ni wa ukoo huu. Panga tarehe. Kama daktari ataniruhusu kupanda ndege nitakuja, nikiwa nimefunga bendeji. Nikifika nitakupiga kofi moja kwa ajili ya kiapo, moja tu, mbele ya Ruben ajue anaoa mtu wa namna gani.

Nikueleze na hili, kisha nimwache Fils aende. Jioni ya kwanza niliyorudi kutoka hospitali, nilikuwa nimekaa chumbani, najiuliza nani atanisaidia kufungua bendeji. Abigaël akaingia na beseni, sabuni, na kitambaa begani. Hakusalimu. Akakaa chini kwenye kigoda, akanyoosha mikono.

«Mama, lete muguu.»

Sikujua nifanye nini na uso wangu. Nikautoa mguu. Aliuosha polepole toka goti kushuka, kisha akaanza kukausha kati ya vidole, kimoja kimoja, ameinamisha kichwa, nisione macho yake. Alipofika pale ngozi ilipobanduka akasita.

«Inauma?»

Tangu Zambia watu wameniuliza hivyo mara nyingi, nami nina jibu langu moja la siku zote, unalijua. Nilifungua mdomo kulitoa.

«Inauma,» nikamwambia. «Inauma sana, mwanangu.»

Shangazi yako,
Katungu